Ndege waimbaji wa msimu wa vuli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka mvua za vuli zinapokaribia Afrika Mashariki, vichaka vyetu hupokea wageni wadogo waliozaliwa Ulaya, Urusi, Uturuki na hata Siberia. Wengi wetu huwapita bila kuwaona, kwa kuwa ni wadogo, ni wa kahawia, na hawapendi kujionyesha. Haya ndiyo maswali yanayoulizwa zaidi na wanaoanza kuwatafuta, hasa Kenya na Tanzania.

Tunazungumzia ndege gani hasa?

Ndege wadogo waimbaji wanaozaliana kaskazini kati ya Mei na Julai, kisha wakahamia Afrika kabla baridi haijawakuta huko. Mbayuwayu anajulikana na kila mtu, maana hupaa juu ya viwanja vya mpira na nyaya za umeme mchana kweupe. Ugumu uko kwa wenzake wa vichakani. Wengi wao hawana jina moja la Kiswahili linalotumika kote, kwa hiyo hapa nitatumia majina ya kisayansi. Ukiyaandika kwenye kitabu cha ndege au kwenye programu ya simu, utampata ndege mwenyewe bila utata.

Wa kuanza nao ni Phylloscopus trochilus, mdogo wa kijani na manjano. Acrocephalus palustris, wa kahawia, bingwa wa kuiga sauti. Luscinia luscinia, mwimbaji mkubwa anayejificha chini ya vichaka. Curruca communis, mwenye koo jeupe. Na Sylvia atricapilla, ambaye dume lake lina utosi mweusi kama aliyevaa kofia. Ukiwafahamu hawa watano, umeshafungua mlango.

Kwa nini wanakuja huku? Na kwa nini wasibaki moja kwa moja?

Wanafuata chakula. Hawa ni walaji wa wadudu, na nchi ikiganda kwa theluji wadudu hawapatikani. Huku kwetu mvua ikishuka, nyasi huchipua, viwavi huanguliwa, kumbikumbi hutoka ardhini. Meza imeshaandaliwa.

Hawabaki kwa sababu kaskazini kuna kitu ambacho sisi wa ikweta hatuna, nacho ni mchana mrefu. Mwezi wa Juni, katika nchi kama Finland, mzazi anaweza kuwatafutia makinda chakula karibu usiku na mchana, na wadudu wakati huo ni wengi ajabu. Kwa hiyo huzaa kule na kuja kuishi huku. Ukihesabu miezi, wengi wao hukaa Afrika na njiani muda mrefu kuliko wanavyokaa Ulaya. Ndiyo maana mimi sikubali kabisa waitwe ndege wa Ulaya wanaotutembelea. Ni ndege wetu pia.

Wanafika lini?

Hawaji wote kwa mkupuo mmoja. Septemba wanatangulia ndege wa manjano wanaotikisa mikia, Motacilla flava, ambao utawaona wakizunguka miguuni mwa ng'ombe malishoni. Oktoba anaingia Phylloscopus trochilus, pamoja na Muscicapa striata, yule wa kijivu anayekaa wima kwenye kijiti kilichokauka, anaruka kunasa nzi, kisha anarudi palepale alipokuwa. Ndege wa uwanda wazi wenye kiuno cheupe, jenasi ya Oenanthe, nao hufika wakati huo.

Kundi kubwa la vichakani huja Novemba na Desemba, na hapo pana jambo la kushangaza. Acrocephalus palustris huondoka Ulaya mapema, wengi wao mwezi Agosti, lakini kwetu wanapita miezi mitatu baadaye. Katikati wamekuwa wapi? Wamekaa Sudan na Ethiopia, wakila na kunenepa katika kijani kilichoachwa na mvua za huko. Ukanda wa mvua unaposogea kusini, nao wanausindikiza: Kenya, Tanzania, hadi Zambia, Malawi na Afrika Kusini. Kwa hiyo vuli ikichelewa au ikinyesha mapema kuliko kawaida, usiangalie kalenda peke yake. Angalia mawingu.

Ngulia ni wapi, na kwa nini kila mpenzi wa ndege anaitaja?

Ngulia ni eneo la milima ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi, Kenya. Pana hoteli ya kitalii iliyofunguliwa mwaka 1969, juu ya ukingo wa mteremko mkali, kama mita 900 hivi kutoka usawa wa bahari. Mbele yake waliweka taa kali ili wageni waone wanyama wanaokuja kunywa maji usiku. Wanyama walionekana. Lakini usiku wa Novemba na Desemba, mbalamwezi ikiwa haipo na ukungu ukishuka mlimani, waliojaa kwenye mwanga ule walikuwa ndege wadogo, mamia kwa maelfu.

Kinachotokea ni hivi. Ndege hawa husafiri usiku, na njia yao kuelekea kusini-mashariki inapita juu ya Tsavo. Anga likiwa safi hupita juu kabisa na hakuna anayejua. Ukungu ukiwafunika, hupoteza alama za kuwaongoza, huona mwanga mmoja tu katika giza lote, na hushuka kuufuata. Wataalamu Graeme Backhurst na David Pearson walianza kuwavisha pete hapo mwaka uleule wa 1969, yaani kuwafunga mguuni kipete chepesi chenye namba ili ndege akipatikana tena ijulikane alikotoka, na kazi hiyo imeendelea kwa miongo kadhaa, kila mwisho wa mwaka, siku za mwezi mwandamo, kwa msaada wa watu wa kujitolea kutoka Kenya na nchi nyingi. Wamevisha pete mamia ya maelfu ya ndege wa kaskazini, na zipo siku ambazo peke yake zilizidi ndege elfu moja.

Kabla ya hapo vitabu vilimtaja Acrocephalus palustris na Luscinia luscinia kama ndege ambao kwa nadra huonekana wakipita Kenya. Ngulia ilionyesha kwamba wanapita kwa wingi usiomithilika, ila wanapita gizani. Ndege wenye pete za pale wamepatikana baadaye Ulaya, Bara Arabu na kusini mwa Afrika, na wenye pete za nchi nyingine wamenaswa pale.

Aliyepata bahati ya kusimama karibu na meza ya kuvishia pete hasahau. Mvishaji humshika ndege shingo ikiwa katikati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo ukilala kiganjani, kwa wepesi usiombana hata kidogo. Humvisha pete, hupima bawa kwa rula, kisha hupuliza taratibu manyoya ya kifuani. Yakifunguka, chini ya koo pana kishimo kidogo. Kwa ndege aliyechoka kishimo hicho ni chekundu na kitupu. Kwa aliyejiandaa kusafiri kimejaa mafuta ya manjano, yanaonekana wazi kupitia ngozi nyembamba. Hayo mafuta ndiyo nauli yake ya kufika Zambia.

Ndege wa gramu kumi anawezaje safari ndefu namna hiyo?

Phylloscopus trochilus ana uzito wa gramu 8 hadi 10, sawa na vijiko viwili vya chai vya sukari. Mwaka 2018 watafiti walichapisha taarifa za ndege wa aina hii waliofungiwa huko mashariki ya mbali ya Urusi vifaa vidogo vya kupima mwanga, ambavyo kwa saa za macheo na machweo huonyesha ndege alikuwa wapi. Walisafiri kama kilomita 13,000 hadi Afrika Mashariki. Oenanthe oenanthe, mwenye gramu 25 hivi, alifuatiliwa kutoka Alaska hadi upande wetu huu, umbali wa kilomita 14,500 kwenda tu, taarifa zake zikatoka mwaka 2012.

Siri ni mafuta. Wiki chache kabla ya safari ndege hula kwa pupa, na wengine hukaribia kuongeza uzito wao maradufu. Wanasafiri usiku kwa sababu hewa ni baridi na tulivu, mwili haupotezi maji mengi, na kipanga wamelala. Mchana ni wa kula na kupumzika. Ndiyo maana ukikuta kichaka kimejaa ndege leo asubuhi, kesho kinaweza kuwa kitupu kabisa. Wameondoka jua lilipozama.

Anajuaje njia, hasa kinda ambaye hajawahi kusafiri?

Hapa ndipo ninapopenda kukaa, kwa sababu jibu lake limechukua watu maisha yao yote kulitafuta.

Wengi wa ndege hawa hawasafiri na wazazi. Kinda aliyeanguliwa Juni huondoka peke yake, usiku, kuelekea bara asilolijua. Mwelekeo na muda wa kuruka amezaliwa nao. Jaribio la A. C. Perdeck, mtaalamu wa Uholanzi, lililochapishwa mwaka 1958, lilionyesha jambo hili vizuri. Alisafirisha zaidi ya ndege 11,000 wa aina ya Sturnus vulgaris, kwezi wa Ulaya, kutoka Uholanzi hadi Uswisi akawaachia huko. Ndege wazima walisahihisha njia, wakaelekea kule walikozoea kukaa wakati wa baridi. Wachanga waliendelea kuruka upande uleule waliokuwa wameushika tangu mwanzo, kana kwamba hawakuhamishwa, wakaishia Ufaransa ya kusini na Hispania. Mchanga anajua upande. Mzima anajua mahali.

Dira zao ni zaidi ya moja. Miaka ya 1960 Wolfgang Wiltschko wa Ujerumani alithibitisha kwamba ndege mdogo Erithacus rubecula huhisi uga wa sumaku wa dunia. Miaka hiyohiyo Stephen Emlen wa Marekani aliwaweka ndege ndani ya jumba lenye nyota za bandia, akaona wanajielekeza kwa kutazama lile eneo la anga ambalo nyota nyingine zote hulizunguka. Jua linapozama nalo huwapa alama. Usiku wa ukungu kama ule wa Ngulia, nyota zimezibwa na taa ya umeme inawaita. Hapo ndipo wanapotea.

Siwezi kufika Tsavo. Nitafute wapi?

Karibu na nyumbani kwako. Nasema hivi kwa dhati. Phylloscopus trochilus yuko kwenye migunga ya barabarani, kwenye miti ya uani, shuleni, hospitalini, kuanzia Oktoba hadi Aprili, kutoka Kampala hadi Lubumbashi.

Nairobi, Msitu wa Karura na bustani zenye mikuyu huvuta Sylvia atricapilla, ambaye hupenda matunda na hukaa sana nyanda za juu. Jumatano asubuhi chama cha Nature Kenya huwa na matembezi ya ndege yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, utamaduni ulioanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, na mgeni hupokewa vizuri. Tanzania, Hifadhi ya Mkomazi inapakana na Tsavo Magharibi na ina vichaka vya aina ileile. Arusha na Moshi zina bustani nzuri. Dar es Salaam jaribu vichaka vya Pugu. Pwani, matete na vichaka vya kando ya mito ni vya kuangaliwa kwa makini, na nitaeleza sababu nikifika kwenye swali la wanaopungua. Uganda, bustani ya mimea ya Entebbe inatosha kabisa kwa kuanzia. Rwanda, ardhioevu ya Nyandungu iko ndani ya Kigali yenyewe, na Burundi kuna mdomo wa mto Rusizi karibu na Bujumbura.

Niende saa ngapi, na nikifika nifanye nini?

Fika alfajiri, jua linapochomoza, na ukae hadi saa tatu. Ndege aliyetua usiku ana njaa, na katika saa hizo mbili tatu atatoka hadi ukingoni mwa kichaka. Baada ya hapo joto hupanda naye huingia ndani. Asubuhi inayofuata mvua ya usiku ndiyo bora kuliko zote. Kumbikumbi wakitoka, acha shughuli nyingine zote: hata ndege waoga kabisa hutoka hadharani kula.

Kosa linalofanywa zaidi ni kutembea sana. Chagua kichaka kimoja, au mgunga mmoja wenye maua, simama hatua kama 10 hivi, jua likiwa mgongoni mwako, na utulie. Usitazame ndege kwanza. Tazama majani. Jani likicheza wakati hakuna upepo, hapo kuna kitu. Mwache asogee mwenyewe. Atapita kwenye uwazi mdogo kati ya matawi, na ni sekunde mbili tu, kwa hiyo darubini iwe tayari imeelekezwa pale kwenye uwazi. Wenyeji kama shore na chiriku watapiga kelele mwanzoni, kisha watakuzoea. Wageni huanza kutoka baada ya hapo.

Ndani ya hifadhi za taifa hairuhusiwi kushuka garini popote unapotaka. Tumia maeneo ya hoteli, kambi na sehemu zilizotengwa. Gari lililozimwa injini ni maficho mazuri.

Wote naona ni kahawia tu. Nitawatofautishaje?

Usianze na rangi. Anza na mahali alipo na anavyojiendesha, maana kwa ndege hawa tabia hukwambia mengi kuliko manyoya.

Juu ya mti, hatulii hata kidogo, anapekua jani kwa jani, ana mstari mwembamba wa rangi hafifu juu ya jicho na manjano kifuani: huyo ni Phylloscopus trochilus. Sauti yake ni laini, ya silabi mbili, inapanda mwishoni: hu-iit.

Katikati ya kichaka, anapenya kati ya vijiti, mgongo wa kahawia usio na michirizi, tumbo jeupe lenye umanjano hafifu, anagonga sauti kavu, tchek: mshuku kuwa Acrocephalus palustris. Ndugu zake wa karibu wanafanana naye mno, na hata wavisha pete hulazimika kupima mabawa. Hakuna aibu kuandika daftarini kwamba ni Acrocephalus, basi.

Kichakani pia, ila mkia mrefu wenye kingo nyeupe, mabawa yenye wekundu wa kutu, koo jeupe linalong'aa: Curruca communis. Huyu si mgumu. Hupanda juu ya kichaka kuchungulia, kisha anazama tena.

Chini kabisa, kwenye majani makavu, ndege anayerukaruka kwa miguu mirefu, mkia wenye wekundu, kifua chenye madoa yaliyofifia, akitoa sauti kama ya chura, krrr: Luscinia luscinia. Na ukimwona mwingine chini hapo anayetembea hatua kwa hatua kama panya, koo lina michirizi na manyoya ya chini ya mkia ni marefu yenye ncha nyeupe, basi umebahatika, kwa sababu Locustella fluviatilis huonekana na wachache sana.

Juu ya kichaka, wazi kabisa, mwenye mdomo wa ndoana, kichwa cha kijivu, mgongo mwekundu wa udongo na mstari mweusi machoni: dume la Lanius collurio. Huchoma panzi kwenye miiba kama akiba.

Na Sylvia borin? Hana alama yoyote. Ndege asiye na alama ya aina yoyote, mnene kidogo, mdomo mfupi, macho makubwa ya upole. Kukosa alama ndiyo alama yake.

Nitajuaje kwamba ni mgeni na si mmoja wa wenyeji wetu?

Tazama bawa likiwa limefungwa. Msafiri wa mbali ana bawa refu lenye ncha, na manyoya ya mwisho hujitokeza mbali nyuma ya yale mengine, yakielekea mkiani. Wenyeji wadogo wa vichakani na majanini, kama wale wa jenasi ya Cisticola na Camaroptera, wana bawa fupi la mviringo. Hawahitaji zaidi ya hapo, maisha yao yote hupita katika eneo dogo. Tena Camaroptera hupenda kusimamisha mkia, na Cisticola wengi wana michirizi mgongoni. Kuna wachache watakaokuchanganya hata hivyo, lakini kwa kuangalia bawa utapata jibu mara nyingi.

Je, huimba wakiwa huku?

Ndiyo, na watu wengi hawajui. Luscinia luscinia huimba kwa nguvu ndani ya vichaka vya Tsavo kuanzia Novemba, na anayesikia mara ya kwanza hudhani ni ndege mkubwa. Phylloscopus trochilus huimba wimbo wake unaoshuka taratibu, hasa anapokaribia kuondoka mwezi Machi.

Acrocephalus palustris anastahili maneno zaidi. Françoise Dowsett-Lemaire alichunguza nyimbo zake nchini Ubelgiji na kuchapisha matokeo mwaka 1979. Dume mmoja kwa wastani huiga aina 76 za ndege, na kwa jumla alitambua zaidi ya aina 200. Zaidi ya nusu ya hizo zilikuwa za Afrika. Kinda hujifunza sauti mwaka wake wa kwanza, akiwa njiani na huku kwetu, kisha anarudi kaskazini na kuzitumia kumvutia jike. Maana yake ni kwamba kwenye shamba la Ubelgiji, mwezi wa Juni, kuna ndege anayeimba sauti za shore na mbayuwayu wa Afrika. Kwa kusikiliza nyimbo hizo mtafiti aliweza hata kukisia njia waliyopita.

Naweza kucheza sauti yake kwenye simu ili atoke?

Naomba usifanye hivyo. Ndege aliyetua alfajiri ana kazi moja, kula, na kila dakika anayotumia kutafuta mpinzani asiyekuwepo anaila kutoka kwenye mafuta yake. Programu ya Merlin inafaa kwa kukusaidia kutambua unachosikia, na haitozi fedha, lakini isikilize kwa sauti ya chini, mbali na kichaka.

Vifaa gani vinahitajika?

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za milimita 42, kama unaweza kuipata. Ya 10x inatikisika mkononi na eneo inaloonyesha ni dogo mno kwa ndege asiyetulia. Daftari, nguo zisizong'aa, maji. Basi. Ukishajua kidogo, peleka orodha zako kwenye mitandao inayokusanya taarifa za ndege, kama eBird au, kwa Kenya, Kenya Bird Map, kwa sababu taarifa ya uani kwako Singida au Kitui ni adimu kuliko ya Tsavo.

Niko Oman. Habari hii inanihusu?

Inakuhusu, tena ninyi mnawaona mapema. Septemba na Oktoba Phylloscopus trochilus, Muscicapa striata na Lanius collurio hupita Oman na nchi jirani za Ghuba wakielekea kwetu. Katika nchi kavu kama ile, mahali popote penye maji na kivuli ni kituo: bustani za mjini, mashamba ya mitende, kingo za mabonde. Mti mmoja uliomwagiliwa unaweza kuwa na aina tano kwa asubuhi moja.

Je, wanapungua?

Baadhi yao, ndiyo. Ndege anayetegemea nchi 10 huumizwa na kosa la nchi yoyote kati yake. Mwaka 1969 Waingereza walingoja ndege wa Curruca communis warudi kama kawaida, na wengi wa ndege hao hawakurudi. Idadi ilikuwa imeshuka kwa asilimia 77 ikilinganishwa na 1968. Chanzo kilikuwa ukame mkali ukanda wa Sahel, kusini mwa jangwa la Sahara, ambako walikuwa wamepitisha miezi ya baridi. Kwenye pwani za Mediterania nyavu na ulimbo bado vinawaua wengi.

Anayenihuzunisha zaidi ni Acrocephalus griseldis. Huzaliana hasa kwenye matete ya kusini mwa Iraki, na miaka ya 1990 serikali ya huko ilikausha sehemu kubwa ya maziwa hayo ya matete. Baada ya 2003 maji yalirudishwa kwa sehemu. Sasa yuko kwenye orodha ya walio hatarini, na miezi ya baridi huitumia upande wetu wa Afrika Mashariki hadi Msumbiji, akikaa kwenye vichaka na matete karibu na maji, ikiwemo sehemu za chini za mto Tana. Ndiyo sababu niliyosema tuangalie matete ya pwani kwa makini. Ukiona ndege mwenye umbo la Acrocephalus, mkubwa kiasi, mwenye mdomo mrefu mwembamba, andika, piga picha, toa taarifa. Na matete hayo yakichomwa au kufyekwa ovyo mwezi Desemba, tunamfukuza mkimbizi.

Ndege amejigonga kwenye dirisha usiku, au ameingia ndani ya nyumba. Nifanyeje?

Zima taa. Fungua madirisha. Mara nyingi hilo linatosha.

Aliyeduwaa kwa kujigonga, mweke kwenye boksi la karatasi lenye matundu ya hewa, ufunike, uliweke mahali tulivu pasipofikiwa na paka. Usimpe maji mdomoni wala chakula. Baada ya saa moja hivi, fungua boksi nje, karibu na kichaka. Akipata nguvu ataondoka mwenyewe. Kama una nyumba ya wageni au hoteli mlimani, kupunguza taa za nje usiku wa ukungu, Novemba na Desemba, kutaokoa wengi kuliko boksi lolote.

Nimeokota ndege mwenye pete mguuni. Nani wa kumwambia?

Kama yu hai, usivue pete. Soma herufi na namba zote, piga picha zake kutoka pande zote, kisha mwachie. Kama amekufa, pete unaweza kuivua na kuitunza. Andika tarehe, mahali palipo karibu kabisa, kijiji au barabara, na jinsi alivyopatikana. Anwani huwa imechapwa kwenye pete yenyewe, hata kama kwa kifupi, na hutaja mji au nchi alikovishwa. Kwa Kenya peleka taarifa kwenye idara ya ndege ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Nao watawasiliana na nchi husika, hata kama pete ni ya Sweden au Urusi, na kwa kawaida aliyeleta taarifa huambiwa ndege alivishwa wapi na lini.